Mjadala: Kumwiga jirani katika biashara ni akili au ni mtego?

Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 Wakenya wengi walikimbilia ufugaji wa kware. Mayai yake yalisifiwa kuwa tiba ya magonjwa chungu nzima. Haukupita muda bei ikaporomoka, vizimba vikabaki na ndege wasio na mnunuzi. Je, kosa lilikuwa kuiga, au kuiga bila kupima?

MZANI: Aliyeuliza "nani anakula yai hili?" angeshtuka mapema. Pesa nyingi ya mwanzo haikutoka kwa mlaji, ilitoka kwa mfugaji mpya aliyenunua vifaranga na mayai ya kutotolesha. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18, na jike huanza kutaga akiwa na wiki 6 hadi 8. Yaani mteja wako wa leo ni mshindani wako baada ya miezi miwili na ushei. Siku wanaoanza walipopungua, soko nalo lilikwisha.

KIBANDA CHA PILI: Msitukane kuiga. Anayefungua kibanda cha chapati karibu na kingine anajua bila kulipa senti kwamba wateja wapo, saa wanazopita na bei waliyoizoea. Aliyetangulia ndiye aliyelipa karo ya somo hilo. Na chapati ya leo imeliwa, kesho inatakiwa nyingine. Yai la kware wengi walilinunua kwa uvumi, uvumi ukapoa.

MZANI: Nakubali nusu. Kibanda cha tatu kwenye kona ileile hakizai wateja, kinagawana walewale. Simama pale saa 12 hadi saa 3 asubuhi, siku sita mfululizo, uhesabu. Siku moja haitoshi, na siku za mshahara hudanganya. Kisha acha kuwahesabu wanaonunua, wahesabu wanaoondoka mikono mitupu kwa sababu foleni ni ndefu au chapati zimeisha saa 2. Hao ndio nafasi yako. Wakiwa wanne kwa siku, usipoteze unga.

MAMA DAFTARI: Mnabishana juu juu, leteni kilo. Majike 100 wa kware, kwa gramu 25 kila mmoja, wanakula kilo 2.5 kwa siku, zaidi ya gunia la kilo 70 kwa mwezi. Wakitaga vizuri ni mayai 80 kwa siku, 560 kwa wiki. Yai lina gramu 10 hadi 12, basi matano ndiyo yanakaribia yai moja la kuku. Kama matano yako ni ghali kuliko hilo moja, mwenye hoteli awe na sababu ya kuyataka.

Kabla ya kununua hata ndege mmoja, nunua mayai 60 kwa anayefuga tayari. Peleka hoteli mbili na duka moja, wakulipe taslimu, usikubali "tutakulipa yakiuzwa". Rudi wiki ya pili, rudi ya tatu. Sifa usiziandike, andika oda ya tatu. Oda zikifika mayai 150 kwa wiki, unahitaji majike 27, si 100. Madume acha: yai la kula halihitaji dume, yeye atakumalizia chakula tu. Na kibali ni gharama pia. Wakati ule kware alihesabiwa mnyamapori, na mfugaji alitakiwa awe na leseni ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Wengi waliikumbuka leseni hiyo wakati ndege wako tayari kizimbani.

KIBANDA CHA PILI: Wiki tatu za kupima ni za mwenye akiba. Ukiyangojea maembe hivyo, msimu umekwisha.

MAMA DAFTARI: Embe halina haja ya wiki tatu. Nunua kreti moja asubuhi, uza, kesho urudi na mbili. Likikuozea umepoteza kreti moja. Kizimba cha chuma nacho utamrudishia fundi?

KIBANDA CHA PILI: Basi ugomvi wetu ni juu ya ukubwa wa hasara. Kuiga mmekuachilia huru.

MZANI: Kwa chapati, ndiyo. Kwa kitu ambacho muuzaji wake anakuuzia mbegu badala ya zao, bado naona ni mtego.