Ulinganisho: Nesi wa diploma aende Uingereza, Ujerumani au Saudia, sheria zikiwa zinabadilika kila kukicha?

Upepo_wa_Kusi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba tulinganishe kwa utulivu, maana makundi ya WhatsApp yamejaa "dirisha linafungwa, lipa leo". Mlengwa ni nesi Mtanzania mwenye diploma ya miaka mitatu, leseni hai, uzoefu wa wodini miaka mitatu, Kiingereza kizuri, ana mwenza na mtoto mmoja. Njia zilizo mezani ni Uingereza, Ujerumani na Saudia.

Sitaki tulinganishe mishahara peke yake. Pesa inatoka lini na inakwenda wapi? Hatua gani inawakwamisha wengi? Na serikali ya kule ikigeuza kanuni ukiwa katikati ya safari, unabaki na nini mkononi? Wenye uelewa karibuni.

Sindano_Moja

Mkuu, naanza na Uingereza kwa sababu ndiko kulikovurugika zaidi, na watu wanachanganya kazi mbili: uuguzi na kulea wazee.

Mlango uliofungwa 22 Julai 2025 ni wa wahudumu wa matunzo, wale wa nyumba za wazee. Kuanzia siku hiyo aliye nje ya Uingereza hapewi tena viza mpya kwa kazi hiyo, na kazi za kudhaminiwa kwa ujumla zikapandishwa hadi ngazi ya shahada. Uuguzi umebaki ndani. Mwenye diploma asitishwe na neno "shahada": idara ya uhamiaji inapima ngazi ya kazi, cheti chako kinapimwa na NMC, baraza lao la wauguzi. Kwa hiyo ajenti anayemuuzia mtu aliyeko Mwanza au Kisumu cheti cha udhamini cha kulea wazee anamuuzia karatasi tupu.

Gharama za NMC ni pauni 140 za kukagua maombi, 83 za mtihani wa kompyuta (CBT), 794 za mtihani wa vitendo (OSCE) na 153 za usajili. Jumla 1,170. Kwa bei za Aprili 2025, viza ya afya ilikuwa pauni 304 isiyozidi miaka 3, na 590 ikizidi hapo. Wenye viza hii hawalipi ile ada ya matibabu ya pauni 1,035 kwa mwaka inayowaumiza wengine. Hospitali nyingi za umma hulipia OSCE, ila soma mkataba: ukiondoka mapema utadaiwa sehemu ya gharama. Ada ya cheti cha udhamini na ile ya ujuzi ni mzigo wa mwajiri. Akikudai wewe, ondoka.

Wengi hukwama kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza. NMC wanataka 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Ukipungukiwa kidogo usikate tamaa: unaweza kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi hakuna alama iliyoshuka zaidi ya nusu chini ya kiwango. OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, nayo inakubalika, na nesi aliyezoea kuandika barua za rufaa huiona rafiki zaidi. Lugha uliyopitishwa na NMC inatosha pia kwa viza, hulipi mtihani wa pili.

Kisha OSCE, ambayo hufanyika kule kule Uingereza. Vituo ni 10: vinne vinafuata mgonjwa mmoja kuanzia tathmini hadi kukabidhi zamu, vinne vya ujuzi wa mikono, viwili vya kuandika kimya kimya. Anayeanguka mara nyingi si mjinga wa kazi, ni mwepesi wa kuruka hatua. Kabla ya kumpa mgonjwa dawa unamuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, unalinganisha na bangili ya mkononi na karatasi ya dawa, unauliza aleji, tena kwa sauti. Mtahini anatia alama kile anachokiona na kukisikia. Ya kwanza lazima uifanye ndani ya miezi 3 tangu tarehe ya kuanza kazi iliyoandikwa kwenye udhamini, na uwe umefaulu ndani ya miezi 8. Ukishindwa, udhamini unayumba.

Bi_Mkunga

Nyongeza kwa Sindano_Moja kuhusu familia. Nesi aliyedhaminiwa bado anaruhusiwa kuja na mwenza na watoto. Waliozuiwa tangu 11 Machi 2024 ni wahudumu wa matunzo. Lakini kila mtu ana viza yake na ada yake, na kama mwajiri hakuandika kwenye udhamini kwamba anawasimamia kimaisha, unaonyesha benki pauni 1,270 zako, 285 za mwenza na 315 za mtoto wa kwanza, zikiwa zimekaa siku 28 mfululizo. Zikishuka hata siku moja katikati, ombi linaanguka. Cheti cha kifua kikuu ni cha miezi 6, kwa hiyo usikikimbilie kabla ya udhamini kutoka.

Na jambo la ukaazi wa kudumu. Waraka wa serikali yao wa Mei 2025 ulitangaza nia ya kutoka miaka 5 kwenda 10. Novemba 2025 wakatoa mapendekezo ya kina: 10 iwe kawaida, 15 kwa kazi za chini ya ngazi ya shahada, na wauguzi wa NHS (huduma ya afya ya umma ya kule) wapunguziwe hadi 5. Dada na kaka zangu, tofautisheni waraka, mapendekezo na kanuni. Kanuni huingia bungeni kama tangazo la mabadiliko, lina tarehe ya kuanza na kipengele kinachosema walio ndani tayari watafanywaje. Kipengele hicho ndicho cha kusoma kwanza.

Mti_wa_Linden

Ujerumani sasa. Naiweka juu kwa familia hii, na nitaeleza.

Kwanza tuondoe uvumi. Mkataba wa Kenya na Ujerumani wa 13 Septemba 2024 hauna nafasi 250,000. Wizara yao ya mambo ya ndani ilikanusha hadharani. Hakuna idadi iliyoandikwa. Mkenya na Mtanzania wote wanapita sheria ile ile ya wafanyakazi wenye ujuzi.

Moyo wa safari ni Anerkennung, yaani cheti chako kutambuliwa na jimbo unakokwenda. Wanalinganisha saa zako na zao: 2,100 za darasani na 2,500 za wodini. Hapa ndipo mafaili ya watu wetu hulala miezi. Transkripti zetu zinaonyesha alama na krediti, hazionyeshi saa. Nenda chuoni, omba barua yenye mhuri inayotaja kila somo na saa zake, na kila wodi (upasuaji, watoto, wazazi, afya ya akili) na saa zake. Kama chuo kinabadilisha jina au kimeunganishwa na kingine, ipate hiyo barua haraka kabla mafaili hayajahama. Tafsiri lazima zifanywe na mtafsiri aliyeapishwa; ya mtu wa kawaida itarudishwa.

Jibu la kawaida ni Defizitbescheid, barua inayoorodhesha ulichopungukiwa. Wengi wakiiona wanadhani wamekataliwa. Hapana, hiyo barua ndiyo inayokufungulia viza ya kwenda kumalizia. Unachagua mafunzo ya kujazia mapengo au mtihani wa maarifa, wa mdomo na wa vitendo, ambao unarudiwa mara moja tu. Wakati huo unafanya kazi kama msaidizi wa uuguzi, na mshahara ni wa msaidizi.

Gharama kubwa ni lugha. Ngazi za Kijerumani huanzia A1 ya wanaoanza, kisha A2, B1, B2. Viza ya hatua hii kwa uuguzi kwa kawaida inataka B1, leseni kamili inataka B2. Goethe, taasisi ya lugha ya Kijerumani, wanakadiria vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 kufika B2 kutoka sifuri. Ukisoma jioni tu baada ya zamu, hiyo ni zaidi ya mwaka. Mtihani wa B2 una moduli nne na unarudia ile uliyofeli tu. Zinazoangusha sana ni kuandika na kusikiliza. Viza yenyewe ni yuro 75. Mwajiri akitumia utaratibu wa haraka analipa yuro 411 kwa ofisi ya wageni, na huwa unaokoa miezi.

Kuhusu kubadilika kwa kanuni: walifuta uraia wa haraka wa miaka 3 Oktoba 2025, lakini ule wa miaka 5 upo, na mfanyakazi mwenye ujuzi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3. Wamefuta pia rufaa ya bure ubalozini tangu 1 Julai 2025. Ukinyimwa viza, unaomba upya au unakwenda mahakamani Berlin. Kwa hiyo faili liwe kamili siku ya kwanza.

Dira_ya_Maghribi

Mti_wa_Linden, nakubali kuhusu ukaazi, ila kwa mtoto mdogo sikubali haraka. Mshahara wa msaidizi wakati wa Anerkennung mara nyingi hautoshi kuthibitisha kwamba utalisha watu watatu, na ofisi ya wageni inapiga hesabu hiyo kwa makini. Kiuhalisia anatangulia mmoja, familia inafuata leseni ikipatikana. Uingereza wanaweza kusafiri pamoja. Kwa wengine hilo tu linatosha kuamua.

Na kwa Mtanzania, uraia wa Ujerumani una gharama nyingine. Ujerumani wanaruhusu uraia pacha tangu Juni 2024, Kenya inaruhusu tangu Katiba ya 2010, Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima.

Mlinzi_wa_Lango

Saudia. Hesabu yake ni tofauti kabisa: hakuna kodi ya mshahara, mwajiri mara nyingi anatoa nyumba na tiketi, na safari ni ya muda mfupi kuliko hizo mbili. Huko usitafute makazi ya kudumu, tafuta akiba.

Hatua: vyeti vyako vinathibitishwa na DataFlow, kampuni ya uhakiki, ambao wanaandikia chuo, baraza na hospitali moja kwa moja. Kinachokwamisha ni hospitali ya zamani kutojibu barua pepe. Mwambie katibu wa utumishi mapema, mpe jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. "Mwanaidi" kwenye pasipoti na "Mwanahidi" kwenye cheti cha chuo inatosha kusimamisha faili. Kisha mtihani wa Prometric, yaani mtihani wa leseni wa kompyuta, kisha usajili wa tume yao ya afya. Waajiri wengi wanataka uzoefu wa miaka 2, usio na mapengo ya muda mrefu.

Tangu 14 Machi 2021 mfanyakazi wa sekta binafsi anaweza kuhama mwajiri baada ya mwaka mmoja, na kutoka nchini bila ruhusa yake. Wafanyakazi wa majumbani hawakuingizwa katika mageuzi hayo, kwa hiyo hakikisha cheo kwenye viza ni cha uuguzi. Ukisaini mkataba wa nesi halafu viza ikatoka na cheo kingine, usipande ndege. Ukifika, hakikisha mkataba umeingizwa Qiwa, mfumo wa serikali wa mikataba ya kazi mtandaoni, na usome tarakimu za humo, kwa sababu ukizuka mzozo hizo ndizo zitakazosomwa.

Kiinua mgongo kipo kisheria: nusu mshahara wa mwezi kwa kila mwaka kwa miaka 5 ya kwanza, mwezi mzima kwa kila mwaka baada ya hapo. Ukiacha kazi mwenyewe kabla ya miaka 2 hupati kitu. Kati ya 2 na 5 unapata theluthi. Hatari ya sera kule ni nafasi za kazi kupewa raia wao, mpango ulioanza 2011 na unaopanuka fani kwa fani.

Sindano_Moja

Kabla hajatokea wa kuuliza Marekani: kwa Mtanzania, agizo la Desemba 2025 limesimamisha viza za uhamiaji kuanzia 1 Januari 2026, na njia ya nesi huko ni viza ya uhamiaji. Kanada nao walifuta pointi za barua ya ajira kwenye Express Entry, mfumo wao wa pointi wa kuchagua wahamiaji, Machi 2025. Tusiwapotezee watu muda.

Upepo_wa_Kusi

Nashukuru sana wakuu. Maswali mawili ya mwisho. Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya. Je, hiyo inamzuia? Na kama hajaamua bado kati ya Uingereza na Ujerumani, aanze kulipia nini?

Bi_Mkunga

Orodha haimzuii yeye, inamzuia mwindaji. Uingereza na Ujerumani zote zinakataza mawakala kwenda kuvuna wauguzi katika nchi hizo. Nesi kuomba mwenyewe, moja kwa moja kwa hospitali, ni halali. Kwa hiyo wakala anayefungua meza Dar na kusema "tunaajiri kwa ajili ya hospitali za Uingereza" tayari anavunja utaratibu, na mwajiri makini hatapokea faili kutoka kwake. Kenya iko tofauti kwa sababu ya makubaliano ya serikali na Uingereza ya 2021; kule uajiri unapita mkondo wa serikali.

Mti_wa_Linden

Swali la pili. Alipie kwanza vitu ambavyo tangazo la waziri yeyote haliwezi kuvifuta. Barua ya chuo yenye saa, transkripti zilizothibitishwa, majina yaliyosawazishwa kwenye vyeti vyote, pasipoti yenye muda mrefu. Hizi zinatumika nchi zote tatu na gharama yake ni ndogo.

Pili, lugha moja, si mbili. Kama Kiingereza chake kinakaribia 7, afanye IELTS au OET kisha CBT, maana CBT unaweza kuifanya kabla ya kusafiri, bila udhamini. Matokeo ya IELTS yanaishi miaka 2, ya CBT vilevile, kwa hiyo asifanye leo kama hana nia ya kuomba kazi mwaka huu. Kama yuko tayari kwa mwaka mzima wa Kijerumani, alipie A1 tu kwanza, asinunue kifurushi cha A1 hadi B2. Mwisho wa A1 atajua kama ratiba ya zamu inamruhusu.

Viza, tiketi, kipimo cha kifua kikuu na kuacha kazi ni vya mwisho, baada ya udhamini au mkataba uliosainiwa kuwa mkononi. Udhamini wa Uingereza unaishi miezi 3 tangu utolewe, unatosha kufanya yote hayo. Na kabla ya kutuma ombi, aangalie jina la mwajiri kwenye orodha ya wadhamini kwenye tovuti ya serikali yao siku hiyo hiyo. Mwajiri akinyang'anywa leseni nesi akiwa tayari kule, kwa kawaida anapewa siku 60 kutafuta mwingine. Nesi aliyeshafaulu OSCE na kupata namba ya NMC ana nafasi nzuri ya kumpata katika siku hizo. Asiyeifanya bado yuko pabaya. Ndiyo maana aiombe tarehe ya OSCE wiki ya kwanza kazini.