Tupeane uzoefu: Uliwezaje kupiga picha ya nyayo kwenye theluji zikaonekana?

Mfuata Nyayo
Wakuu, habari za muda huu. Juzi nimekuta nyayo za sungura zimekatiza uwanja mzima wa theluji. Kwa macho zilikuwa safi kabisa: ile miguu mikubwa ya nyuma imetangulia, midogo ya mbele imebaki nyuma, kama kawaida ya sungura akiruka. Nikapiga picha kama arobaini. Nimefika nyumbani, nafungua, naona kijivu kitupu. Mke wangu kauliza kwa nini nimepiga picha shuka.

Ilikuwa saa sita mchana, mawingu yamefunga, nina simu tu. Waliofanikiwa mwageni uzoefu hapa.

Jicho la Kipanga
Mkuu, mawingu ndiyo yaliyokuponza. Mawingu yakifunga, mwanga unatoka kila upande na kivuli kinakufa. Unyayo kwenye theluji hauna rangi yake, ni shimo jeupe ndani ya weupe, kwa hiyo bila kivuli cha ukingo kamera haina cha kushika.

Mimi nilihangaika msimu mzima nikidhani tatizo ni lenzi. Siku moja nikachelewa kuondoka, jua likawa limeinama karibu linazama, na njia niliyopita mchana bila kuona kitu ikawa imejaa nyayo! Tangu siku hiyo natoka jua likichomoza au likikaribia kuzama, na naliweka ubavuni. Likiwa mgongoni, vivuli vinajificha nyuma ya kingo, halafu kivuli chako mwenyewe kinaingia kwenye picha.

Mzee wa Lenzi
Aliyosema Kipanga ni kweli, ila hicho kijivu kina sababu nyingine. Kamera hupima mwanga ikiamini kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Ikikutana na theluji inaona mwanga umezidi, inaupunguza, theluji inageuka majivu.

Nilishauriwa niongeze mwanga hatua mbili, na kila hatua ni mwanga maradufu. Nikaongeza. Theluji ikang'aa kama tangazo la sabuni, na alama za vidole vya mbweha zikayeyukia humo humo. Kwa mandhari inafaa, kwa nyayo hapana. Siku hizi naanza na hatua moja, naangalia histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza kushoto na weupe kulia, na mlima wake ukigusa ukingo wa kulia narudi chini. Kwenye simu gusa theluji, kisha sogeza kile kijua juu kidogo tu.

Kimya Kingi
Nimewahi kufanya kazi ya kupiga picha za nyayo za viatu kwenye matukio ya uhalifu. Kule huruhusiwi kusubiri jua lishuke, unajitengenezea lako. Kamera inakaa kwenye stendi, lenzi inatazama chini wima ili umbo lisipinde. Unazuia jua kwa mwavuli au kipande cha boksi, kisha unamulika kwa tochi au flashi iliyotolewa kwenye kamera, ukiishusha karibu na usawa wa theluji. Unapiga, unahamia upande mwingine, unapiga tena. Kuna mikunjo ya soli inayojitokeza kwa mwanga wa upande mmoja tu.

Rula isikae juu ya theluji ikiwa unyayo umezama. Chimba kidogo pembeni uilaze usawa na kitako cha unyayo, la sivyo vipimo vitadanganya. Faida nyingine, fokasi itapata mstari wa kushika. Kwenye weupe mtupu huwa inatangatanga.

Ipo pia nta nyekundu ya kupuliza. Inapulizwa kidogo, kwa mshazari, ili ishike ukuta mmoja na ukuta wa pili ubaki mweupe. Piga picha kabla ya kupuliza! Na ukishapuliza kinga jua, maana rangi inavuta joto. Niliwahi kuacha unyayo wazi nikizungumza na mwenzangu, kugeuka kingo zimeshalegea.

Mguu Pande
Kuhusu rula naunga mkono. Mwaka 1951 mpanda milima Eric Shipton alipiga picha ya unyayo wa ajabu kwenye mto wa barafu wa Menlung huko Himalaya, akaweka shoka la barafu pembeni kuonyesha ukubwa. Watu bado wanabishana ni wa nini, lakini urefu wake wanaujadili kwa sababu ya lile shoka. Jua nalo hupanua unyayo unapoyeyuka, kwa hiyo mbwa wa jana anaweza kuwa dubu wa leo.

Mimi uzoefu wangu ni wa aibu. Betri nilibeba mfuko wa nje, baridi ikaizimisha, siku hizi inakaa kifuani. Nikainama kuangalia kwa karibu, pumzi ikaganda kwenye lenzi. Nikarudi hatua moja niifute, nikakanyaga unyayo niliokuja kuupiga.

Mfuata Nyayo
Nimecheka hadi basi, Mguu Pande. Leo nimerudi jua likichomoza, nimeongeza hatua moja, rula ipo. Zimetoka! Vivuli vina ubluu kidogo, nimeuacha maana unazitenga vizuri. Ila kuna kioja: picha moja nyayo zinaonekana kama vichuguu, zimetuna badala ya kuzama.

Jicho la Kipanga
Mwanga ulitokea upande wa chini wa picha, na macho yamezoea kuupokea kutoka juu. Igeuze juu chini.

Mfuata Nyayo
Mama yangu, zimezama.