Mrejesho: gitaa langu na unyevu wa kiangazi cha Kyoto

Ndugu zangu, mwezi Juni niliwauliza kwa nini gitaa langu la mbao, ambalo ndilo linalonilisha hapa Kyoto, lilikuwa limevimba ubao wa mbele na nyuzi zake kushika kutu ndani ya wiki mbili. Wengi wenu mlishuku unyevu wa msimu wa mvua, unaoitwa tsuyu, nanyi hamkukosea: kipimaunyevu nilichonunua kilionyesha asilimia 78 chumbani. Sasa mashine ya kukausha hewa inanguruma mchana kutwa (maji yake nayamwaga kila asubuhi), kiwango kimeshuka hadi asilimia 52, na ubao umekaribia kunyooka. Jioni naendesha baiskeli kando ya mto Kamo, nikiwarekodi nyenze kwa kinasa sauti kidogo. Kwa kelele, wamenishinda.