Wanaojua Kifaransa, nisaidieni: "subjonctif passé", lini "ayez" na lini "soyez"?

Mpanda_Mlima
Habari za jioni wakuu. Mimi ni muongoza watalii, nipo Arusha, na wageni wangu wengi wanatoka Ufaransa na Ubelgiji. Kuongea naongea bila shida. Kazi ipo kwenye kuandika: wakisharudi kwao nawatumia barua pepe ya shukrani, na kila sentensi ya "je suis content que..." inanikwamisha. Najua ukieleza furaha, masikitiko au mashaka yako juu ya jambo la mwingine, Kifaransa kinadai subjonctif (umbo la kitenzi linalofanana na -e yetu ya "uwe"). Lakini safari imeshakwisha, kwa hiyo inatakiwa ile ya wakati uliopita, na huko naona mara "que vous ayez aimé", mara "que vous soyez venus". Kinachoamua ni nini? Naomba mnieleweshe taratibu, wageni hawa wanastahili barua safi.

Mwalimu_Kivu
Ndugu, karibu. Nafundisha Kifaransa hapa Bukavu na swali lako nalipenda.

Kitenzi kikuu hakikusumbui, kinabaki participe passé tu (umbo la jambo lililokwisha tendeka, kama "fini", "venu"). Kinachobadilika kufuata nafsi ni kisaidizi, avoir au être, nacho unakiweka kwenye subjonctif ya sasa. Finir: que j'aie fini, que tu aies fini, qu'il ait fini, que nous ayons fini, que vous ayez fini, qu'ils aient fini. Venir: que je sois venu, que tu sois venu, qu'il soit venu, que nous soyons venus, que vous soyez venus, qu'ils soient venus.

Kisaidizi kipi? Kile kile cha passé composé, yaani wakati uliopita wa kawaida. Unasema "vous avez aimé", basi ni "que vous ayez aimé". Unasema "vous êtes venus", basi ni "que vous soyez venus". Chunga tahajia: "ait" inaishia na t, na "ayez" haina i baada ya y. Wanafunzi wanaandika "ayiez" kwa sababu wamezoea "que vous aimiez". Avoir na être haziongezi hiyo i.

Kiswahili chako nacho kinakusaidia. "Nataka uwe umemaliza kabla ya saa sita mchana": *Je veux que tu aies fini avant midi.* Kisaidizi "uwe" kimebeba -e, "umemaliza" imebeba -me-. Mpango ni ule ule. Ila kwenye hisia tunaachana: sisi tunasema "nimefurahi kwamba mmekuja" bila -e yoyote, Kifaransa hakikubali. Ukitafsiri kichwani neno kwa neno, hapo utateleza.

Binti_wa_Upanga
Mwalimu kamaliza, naongeza upatanisho tu maana najiandaa na DELF B2 (mtihani wa Kifaransa) na ndiyo unaokula maksi. Kwa être, participe inafuata mtenda. Kundi la wanaume au mchanganyiko ni "que vous soyez venus", wanawake watupu "venues". Ukimwandikia mama mmoja kwa heshima ya "vous", ni "venue", bila s.

Halafu kuna vitenzi vyenye sura mbili, na kwa kazi yako utakutana navyo kila siku: passer, monter, descendre, sortir. Vikiwa na yambwa vinachukua avoir. "Que vous soyez montés au sommet", lakini "que les porteurs aient monté les bagages". "Que vous soyez passés par Arusha", lakini "que vous ayez passé une bonne semaine".

Njia_Panda
Mkuu, mimi naona si lazima ujipe mzigo wote huo. "Merci d'être venus." "Je suis ravi de vous avoir guidés." Barua imeisha, na ni Kifaransa kizuri kabisa.

Mwalimu_Kivu
Ni kweli, na hata Wafaransa wanaandika hivyo. Lakini "je suis ravi de..." inafaa pale tu aliyefurahi ndiye aliyetenda. Umefurahi wewe, umeongoza wewe. Waliofika kileleni ni wao, kwa hiyo "que" haikwepeki, na ndilo jambo mgeni anatamani kusikia likisemwa.

Mpanda_Mlima
Asanteni sana, mmenifungua. Angalieni hii ya wageni walioondoka juzi:

*Je suis heureux que vous soyez montés jusqu'au sommet et que le froid ne vous ait pas découragés. Dommage que nous n'ayons pas vu de rhinocéros au Ngorongoro. J'espère que vous soyez bien rentrés.*

Binti_wa_Upanga
Mbili za kwanza safi! Na "découragés" umeiwekea s sawasawa, kwa sababu "vous" ni yambwa na imetangulia kitenzi.

Mwalimu_Kivu
Ya mwisho ibadilishe: *J'espère que vous êtes bien rentrés.* Espérer ikiwa ya kukubali haichukui subjonctif, ingawa inahusu matumaini. Inakaa kundi moja na "je pense que" na "je crois que". Ukikanusha ndipo mambo yanageuka: *je pense qu'ils sont partis*, lakini *je ne pense pas qu'ils soient partis*. Na ukitumia "après que" (baada ya), kwa barua rasmi weka "après que vous êtes partis". Utawasikia Wafaransa wengi wakisema "soyez" hapo kwa kuiga "avant que" (kabla ya), ila sarufi inataka "êtes". Rekebisha hiyo moja, kisha itume.