Ubalozi wa mataifa mawili katika jengo moja: nianzie wapi?

Mchoraji wa Njiro aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, na kwa sasa niko likizo nyumbani, Njiro. Zoezi letu la kumalizia mwaka linatutaka tubuni ubalozi wa Japani ambao, kwa kufikirika tu, ungejengwa hapa Arusha kwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa. Tumepewa kiwanja cha hekta mbili chenye mteremko wa kuelekea kusini, na ndani yake zinapaswa kukaa ofisi za ubalozi, sehemu ya viza, makazi ya balozi na ukumbi wa hafla. Sharti lililonikwamisha ni lile linalosema kwamba tamaduni za mataifa yote mawili zionekane katika jengo.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na paa la msonge juu ya ukumbi, lango jekundu la Kijapani upande wa barabarani, na nakshi za milango ya Zanzibar kuzunguka kila dirisha. Mwalimu aliutazama kidogo tu, kisha akaniuliza kama nabuni ubalozi au hoteli ya watalii. Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini usiku usingizi haukuja. Naomba kuelekezwa: utamaduni unaingiaje katika jengo bila kubandikwa?

Msanifu wa Sakina alijibu:

Marahaba, mdogo wangu. Mwalimu wako amekuonea huruma, kwa sababu lile lango jekundu, ambalo Wajapani huliita torii, husimama mbele ya mahali pa ibada pa Washinto. Kuliweka kwenye foleni ya viza ni sawa na mtu kutuwekea mnara wa msikiti kwenye maegesho. Milango ya Zanzibar nayo ni mizuri, lakini imetoka kwenye nyumba za pwani zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, na ukiining'iniza kwenye dirisha la Njiro inabaki pambo.

Tafuta picha za ubalozi wa Uholanzi mjini Addis Ababa, uliosanifiwa na Dick van Gameren na Bjarne Mastenbroek, ukapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2007. Ni jengo moja refu lililolala kwenye mteremko katikati ya mikaratusi, na zege lake limetiwa rangi nyekundu ya udongo wa pale, hata mtu akumbuke makanisa ya Lalibela yaliyochongwa mwambani. Uholanzi iko juu, kwenye paa bapa lenye mabeseni ya kina kifupi yanayojaa maji wakati wa mvua, kama nchi yao tambarare inavyoishi na maji. Huoni kinu cha upepo popote.

Kwa upande wako, anza na tabia ambayo mataifa haya mawili wanayo tayari. Nyumba ya asili ya Kijapani ina engawa, yaani ukumbi mwembamba wa mbao ulio ukingoni mwa nyumba, ambapo mtu hukaa akiwa si ndani wala si nje. Sisi tuna baraza, nayo hufanya kazi hiyohiyo. Ijenge kwa kimo cha sentimeta 40 hivi, mgeni akae na nyayo zake zifike chini. Ielekeze kaskazini: mwezi wa Julai, baridi ya Arusha inapotukunja, jua liko upande huo, na Mlima Meru pia.

Mama wa Kibosho alijibu:

Naongeza neno kuhusu maji, kwa kuwa hapo msanifu amepita haraka. Mwanangu, kabla hujachora tena, panda gari hadi Moshi, ushuke Chekereni. Mashamba ya mpunga ya mradi wa Lower Moshi yalijengewa mifereji kwa ushirikiano wa Japani katika miaka ya 1980, na ukitembea kwenye tuta utaona mlango wa chuma unavyogawa maji kutoka mfereji mkubwa kwenda mdogo. Kisha upande huku kwetu mlimani, uone mifongo, yaani mifereji ya asili ambayo Wachaga waliichimba vizazi vingi kabla ya saruji, ambapo mlango ni jiwe, udongo na kishina cha mgomba, na kila ukoo unajua siku yake ya maji. Hapo mataifa yako mawili yamekwisha kukutana, na hakuna aliyeyabandika. Mteremko wako unatosha kupitisha mfongo kutoka kwenye makazi ya balozi hadi mbele ya ofisi. Maji yatembee tu. Yakisimama utafuga mbu.

Tena panda masale kwenye mpaka. Kwetu sale ndilo jani analopeleka mtu anayeomba msamaha, na ubalozi nao si kazi yake ni kupatanisha?

Mstaafu wa Itifaki alijibu:

Yote ni mazuri, ila kijana hajaambiwa kitakachomtawala kuliko utamaduni. Tangu mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi, umbali kati ya barabara na jengo si jambo la kujadili. Wamarekani wenyewe wanadai futi 100, yaani takriban mita 30, na nchi nyingine zina hesabu zake. Wengi huijaza nafasi hiyo kokoto na vizuizi vya zege, mwananchi akajiona mshukiwa kabla hajasalimiwa. Ningekuwa wewe, ningeifanya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga: kahawa iliyokatwa chini ya kifua, migomba michache iliyoachana, na mfongo wa Mama hapo katikati. Nasisitiza kahawa fupi, maana mlinzi asiyeona mpaka wa kiwanja ataamuru kila kitu kifyekwe wiki ya kwanza.

Mchoraji wa Njiro alijibu:

Nawashukuru sana. Nimefuta msonge na lango. Mita 30 zimekuwa kihamba, na wanaosubiri viza wamehamia kwenye baraza ya kaskazini. Mama, nitakuja Jumamosi. Lakini nauliza: mfongo ukitoka nje ya uzio, majirani wa chini watapewa maji siku gani?

Mama wa Kibosho alijibu:

Hilo kaa nao ulipange kabla hujachimba. Njoo na viatu vya matope.