Wauza tairi mtatuua! Nimeuziwa tairi za 2015 kama mpya, Noah imepasukia Ruaha Mbuyuni familia nzima ikiwa ndani

Wakuu naandika hapa hasira bado ziko kooni, kama nitavuka mpaka mod anisamehe tu.

Nina Noah, ile ya ZRR70, gari ya familia, watoto wanne na mama yao na safari hii mama mkwe naye alikuwemo. Ilikuja toka Japani na tairi za barafu, zile zimeandikwa STUDLESS ubavuni, mpira wake laini kama ndala, kwa lami ya Dar hazikumaliza mwaka zikawa vipara. Hilo sawa, uzembe wangu. Mwezi uliopita nikasema safari ya Iringa inakuja nisicheze na roho za watu, nikaenda dukani kununua tairi nne mpya. Siyo mtumba jamani, MPYA, na hela ya mpya nikatoa.

Kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 195/65R15, nikamtajia muuzaji hivyo hivyo. Akaleta 185/65R15. Namuuliza mbona 185 anacheka, "bosi saizi ni hiyo hiyo, rimu si 15? Tena hii itakupunguzia mafuta." Na mimi boya nikakubali, maana zilikuwa zinang'aa nyeusi tii kama buti za gwaride.

Sasa niwaambie nilichojifunza kwa machozi. Pale baada ya saizi kuna namba ya uzito ambao tairi inaweza kubeba. Tairi ya Noah inatakiwa 91, ambayo ni kilo 615 kwa tairi moja. Nilizopewa ni 88, kilo 560. Mara nne hapo umepoteza kilo 220 za kubeba. Gari ikiwa tupu huwezi kuona kitu ila sisi wenye Noah tunajuana, watu saba ndani, nyuma mabegi na ndoo mbili za dagaa za kupelekea wakwe, wapi utabaki na nafasi.

Fundi wao ndo usiseme. Tairi nne dakika ishirini, nati anazipiga na bunduki ya upepo trrrrr mpaka inalia, hakuna kumalizia na spana ya mkono. Nikauliza balansi, ile ya kusawazisha gurudumu lisitetemeke, akasema tairi mpya haihitaji balansi (UONGO, mpya ndo ya kwanza kufanyiwa). Upepo kajaza kwa kukisia, kaipiga teke, "iko poa mzee".

Basi kuanzia Chalinze usukani unatetemeka nikifika 80. Nikajua barabara. Tumepita Mikumi, jua la saa nane hilo, tunakaribia Ruaha Mbuyuni nikasikia PAAA, nyuma kushoto, mkia wa gari ukavutwa pembeni. Nashukuru sikukanyaga breki, niliushika usukani tu nikaachia mafuta mpaka ikapoa yenyewe. Ndani watoto wanalia, mama mkwe anaita jina la Yesu mpaka gari imesimama bado anaita.

Sasa kufungua nati. Wilispana ya gari nimesimama juu yake kwa miguu yote miwili na hizi kilo zangu 84, haitikisiki! Tumekaa juani karibu saa nzima mpaka akasimama dereva wa semi ya Tunduma, Mungu ambariki yule mzee, akachomeka bomba la chuma kwenye spana ndo zikaanza kuachia, na moja ikakatika na stadi yake, ile bolti inayoshika nati. Toyota hizi nati zake ni 103 Nm, mtu mzima anakaza kwa mkono na kufungua kwa mkono, yule mtoto wa bunduki alikaza kama anafunga daraja la Kigamboni.

Tairi ilipotoka ndo nikaona madudu. Tarehe ya tairi iko kwenye tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya kiwandani iliyochapwa ubavuni, na inaandikwa ubavu mmoja tu, na zangu zote fundi aliugeuza ubavu huo ndani, kwa nje huoni kitu mpaka ulale chini ya gari. Nikafuta vumbi kwa kanga ya wife: 3715. Wiki ya 37 ya mwaka 2015! Kwenye mifereji nyufa kibao, dawa ya kung'arisha ilikuwa imezifunika.

Jumatatu nimerudi dukani na kipande chenyewe mkononi. Jamaa hata hakuinuka kwenye kiti, "hapo umegonga shimo bosi." Shimo gani lile linaandika 2015 kwenye tairi? Nikatoa risiti, kumbe ya mkono, imeandikwa "tairi 4" basi, hakuna saizi hakuna jina, siku ile waliniambia mashine ya risiti ya EFD mtandao hamna na mimi kwa haraka zangu nikaondoka.

Kuna mtu humu amewahi kupeleka kesi kama hii FCC (Tume ya Ushindani) ikaenda na risiti ya mkono? Au nianze TBS, wale wa viwango? Picha za DOT ninazo, zote nne, hizo tatu nyingine nazo ni 3715. Gari nimeipaki uwani, watoto wanaenda shule na bajaji. Na yule atakayekuja kuniambia "mkuu ungenunua mtumba ya Japani" naomba leo apite kimya kimya.