Siku tano Lamu na mkoba mmoja: nibebe lenzi gani?

Mwana wa Kibokoni

Asalaam aleikum wapenzi wa picha. Wiki ijayo naenda Lamu siku tano, inshallah. Basi mpaka Mokowe, kisha boti. Nina kamera ya sensa ndogo ya APS-C, lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo, 35 ya f/1.8 yenye tundu pana la mwanga, 70-300 ya kuvuta mbali, flashi, stendi ya miguu mitatu na laptopu. Jana jioni nilipakia vyote nikatoka navyo kwa miguu kujipima. Kutoka nyumbani hapa Mombasa, nikashika Ndia Kuu mpaka mbele ya Ngome ya Yesu, shati lote limelowa, bega linauma na sikupiga hata picha moja. Ninachopenda ni watu: mafundi wa majahazi kule Matondoni, wazee barazani, wachukuzi na punda wao. Ndege wa angani siwapigi. Nipunguze nini?

Baharia wa Likoni

Laptopu iache. Memori kadi mbili za GB 64 zatosha siku tano, hata ukipiga picha ghafi (RAW), zile nzito.

Bi Mkubwa wa Makadara

Wa aleikum salaam mwanangu. Weka 35 kwenye kamera, na hiyo 70-300 ifungie kabatini kabla moyo haujakugeuka.

Nakwambia kwa yaliyonipata. Mara ya kwanza kwenda Pate nilibeba mkoba wa kilo tisa. Tuko mashuani, nahodha akasimama kugeuza foromali, ule mti unaobeba tanga, jua limempiga ubavuni, kanzu imejaa upepo. Mimi nimeinama nafungua zipu natafuta lenzi ndefu. Nilipoinua kichwa, tanga limeshakaa upande wa pili na nahodha ameketi. Nikabadilisha lenzi hivyo hivyo, kaskazi inavuma, chembe ya mchanga ikaingia kwenye sensa. Siku nne zilizofuata kila picha yenye anga ina doa jeusi, mahali pale pale. Picha ile ya nahodha bado naiona nikifumba macho.

Wewe wapiga watu, na mtu humfikii kwa lenzi ndefu. Unamfikia kwa salamu. Mpe mzee mkono, kaa naye, muulize hali, kisha omba ruhusa. Akikataa, shukuru na mwendelee kuzungumza. Kina mama usiwaelekezee kamera bila wao kukubali, na watoto omba kwa wazazi wao. Kazi yangu ni harusi za wanawake, usiku wa kupamba, ndani watu wamejiachia kwa sababu wananiamini. Mtu aliyejitwika mizigo kama fundi wa mitambo haaminiwi upesi.

Tena f/1.8 ina kazi yake. Hiyo 18-55 ukiivuta mpaka 35 hufunguka f/4.5 hivi, na namba ikikua tundu hupungua, kwa hiyo 35 yako yaingiza mwanga mara sita. Magharibi ikikaribia kwetu jua halingoji, na ndani ya zile nyumba za mawe utauhitaji. Stendi ya nini? Baraza zote hizo, weka kamera juu ya jiwe, vuta pumzi, bonyeza.

Beba betri tatu na leso moja kuukuu. Leso utaifungia kamera mashuani, utaifutia chumvi, utaifunika mvua ikinyesha. Na chumba kikiwa na kiyoyozi, asubuhi usitoe kamera ghafla ukaipeleka kwenye joto, lenzi itajaa mvuke. Iache nusu saa ndani ya mkoba uliofungwa, izoee.

Kijana wa Tudor

Bi Mkubwa, kwa heshima, hapo kwenye 35 peke yake sikubaliani. Kwenye APS-C inaona kama 50 ya kamera za filamu. Vichochoro vya Lamu vinabana, ukitaka mlango mzima wa nakshi na mtu aliyekaa mbele yake, unarudi nyuma hatua mbili mgongo ushagonga ukuta. Mimi ningebeba 18-55 tu, nikae kwenye 18, inakoona pana zaidi, na f/8 mchana kutwa.

Bi Mkubwa wa Makadara

Hapo umesema kweli mwanangu, milango imenipita. Basi achukue zote mbili, 18-55 ni nyepesi. Ila aamue asubuhi atatoka na ipi, na hiyo nyingine ibaki chumbani. Kubadilisha njiani, hapana.

Mwana wa Kibokoni

Shikamoo Bi Mkubwa, na asante nyote. Nimepakia upya: kamera, lenzi mbili, betri tatu, chaja, kadi mbili na leso ya mama. Leo asubuhi nilitoka na 35 peke yake mpaka Marikiti. Kuna mzee muuza viungo nimempita miaka yote bila kusimama. Leo nimekaa naye karibu saa nzima, nimepiga picha saba, na katika moja amenishikia iliki kiganjani ananionyesha ya kijani na iliyopauka. Kesho nampelekea nakala. Naondoka Jumatatu.